Nani Ana Ufunguo wa Kabati?

Saa nane usiku mume wangu alikuwa Barabara ya Mukendo, katikati ya mji wa Musoma, anagonga duka la dawa la tatu. Mkononi ana karatasi ndogo ya hospitali, imekunjwa mara nne na imeanza kulowa jasho. Kijana wa dukani akaisoma kwa tochi ya simu, kisha akaisukuma irudi upesi upesi, kana kwamba inaunguza. "Kaka, hii hatuuzi. Na usihangaike, hakuna duka la kawaida litakalokuuzia hii. Chukua Panadol."

Akachukua Panadol. Angefanya nini?

Mimi nilikuwa wodini, usiku wa pili baada ya kujifungua kwa opresheni. Mtoto wetu wa kwanza amelala pembeni, mzuri ajabu, na mimi siwezi hata kugeuka kumtazama. Nikikohoa, naona nyota. Nikicheka (kuna dada kitanda cha jirani alikuwa na vituko balaa) naomba anyamaze kabla mshono haujafumuka. Mtoto akilia nanyoosha mkono, mkono haufiki. Basi mwenzangu aliporudi na vile vidonge, nikamtazama, nikamwambia neno ambalo mpaka leo natamani ningelimeza: "Ungekuwa unanipenda ungeipata."

Hakujibu. Aliweka vidonge juu ya meza, akatoka, akakaa kwenye benchi la nje mpaka kunakucha. Tuliporudi nyumbani Nyasho tuliishi karibu miezi mitatu kama wapangaji wawili wanaochangia choo. Salamu zipo, chakula kipo, mtoto anaogeshwa. Lakini lile neno lilikuwa limekaa katikati yetu kitandani.

Kumbe, msomaji wangu, jamaa hakuwa na kosa lolote. Dawa iliyoandikwa kwenye ile karatasi haipatikani kwa mapenzi, wala kwa pesa, wala kwa kumjua mtu. Inakaa ndani ya kabati, kabati lina kufuli, na kufuli lina mwenyewe.

KABATI LA DDA

Ukikaa wodini siku mbili tatu utalisikia hilo jina: DDA. Wauguzi wanalitaja kila siku, na wengi wala hawakumbuki kwamba limetokana na jina la Kiingereza la sheria za zamani za dawa za hatari. Humo ndimo zinamokaa pethidini, mofini na ndugu zake. Kuna daftari lake maalumu. Kila kichupa kinachotoka kinaandikwa: nani kapewa, saa ngapi, nani kaandika, nani kachoma, nani kashuhudia. Kichupa kitupu kinarudishwa. Zamu ikibadilika, wanahesabu. Kikikosekana kimoja, aliyekuwa na ufunguo ana maswali ya kujibu.

Rafiki yangu wa tangu sekondari ni muuguzi Bunda. Nilipomsimulia yaliyonikuta, nilitegemea aniambie pole. Badala yake akacheka kwa huzuni. "Shoga, unadhani tunapenda? Usiku niko peke yangu, wagonjwa zaidi ya thelathini. Nikikuchoma halafu ukashindwa kupumua vizuri, nani anakukalia macho? Kikipotea kichupa, mimi ndiye mwizi. Nikikuacha ulie, hakuna anayeniuliza kitu."

Ile sentensi yake ya mwisho irudie mara mbili. Mgonjwa kulia hakuna daftari lake.

Sasa nije kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi tunapigwa chenga bila kujua. Ganzi ya mgongo tunayochomwa wakati wa upasuaji inaisha baada ya saa chache tu. Baada ya hapo, katika hospitali zetu nyingi, ilizoeleka kuandika pethidini kila baada ya saa nane. Lakini pethidini nguvu yake ni saa mbili, tatu, ikizidi sana nne. Toa mwenyewe: katika kila saa nane kuna saa nne, tano, ambazo mgonjwa yuko peke yake na mshono wake. Na wala huwezi kutatua kwa kuipiga mfululizo siku nyingi, kwa sababu ikivunjwa mwilini inaacha mabaki ambayo yakijazana yanaweza kuleta degedege. Ndiyo maana wataalamu wengi duniani siku hizi wanaona mofini inafaa kuliko hiyo. Mofini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza kabisa, mwaka 1977. Si dawa ya kigeni wala ya anasa. Ni ya bei rahisi, haina mwenye hakimiliki, na tajiri hapati utajiri mpya kwa kuiuza. Pengine hiyo nayo ni sababu mojawapo ya kutohangaikiwa!

SHERIA INASEMAJE?

Hapa nilitegemea kukuta sheria inayokataza. Sikuikuta. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961, ambao ndio mama wa sheria zote hizi, unaanza kwa kukiri kwamba dawa hizi hazina mbadala katika kupunguza maumivu na kwamba nchi zihakikishe zinapatikana kwa tiba. Halafu ndipo unaingia kwenye kudhibiti. Kila nchi inapeleka makadirio yake ya mwaka kwenye bodi ya kimataifa iliyoko Vienna, na kiasi kinachoruhusiwa kuingia kinafuata makadirio hayo. Nchi ikikadiria kidogo kwa sababu mwaka jana ilitumia kidogo, mwaka huu inapata kidogo, na mwakani itasema tena kwamba matumizi ni madogo. Mzunguko wenyewe ndio huo.

Kwetu Tanzania tulikuwa na sheria ya mwaka 1995, ikafuata Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, ikafanyiwa marekebisho mwaka 2017. Ni kali kwelikweli. Mfanyabiashara wa unga anaweza kwenda jela maisha. Nani atapinga? Wote tuna binamu au jirani aliyeharibiwa na heroini, na kliniki ya methadoni ya Muhimbili, iliyoanza mwaka 2011, haikufunguliwa kwa bahati mbaya. Na sisi watu wa Mara tusijifanye wageni wa habari hizi. Mashamba ya bangi ya Tarime yanafyekwa kila mara kwenye taarifa ya habari mpaka tumezoea.

Tatizo ni kwamba mofini ya mama aliyepasuliwa na unga wa muuzaji wa kijiweni vinapita kwenye jina moja, "dawa za kulevya". Mfamasia anasoma adhabu kwanza, matumizi ya tiba baadaye. Daktari kijana aliyetoka chuoni juzi anaona bora aandike diklofenaki, hakuna atakayemuuliza. Maduka ya dawa muhimu, yale yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 na kuenea hadi vijijini, hayaruhusiwi kuziuza kabisa, na ni sawa. Hapo ndipo karatasi ya mume wangu ilipokuwa haina pa kwenda. Yule aliyempa karatasi ile alijua hivyo? Nadhani alijua. Nadhani alitaka tu tutoke mbele yake.

Kwa picha kubwa zaidi: mwaka 2017 jopo la jarida la kitabibu la Lancet lilipiga hesabu ya dawa za kundi la mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka. Walipata tani 298.5. Nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Yaani ukigawa mkate vipande elfu tatu, sisi na wenzetu tulilamba kimoja. Wakati huohuo Marekani walikuwa wanazika watu kwa maelfu kwa sababu madaktari walizimwaga vidonge hivyo kama karanga. Kwa hiyo sisemi makufuli yavunjwe. Nasema tu kuna nafasi kubwa mno kati ya kumwaga na kunyima.

WAGANDA WALIFANYAJE?

Upande wa pili wa ziwa letu hilihili kuna watu waliotafuta njia. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda. Hawakutafuta sindano za gharama. Walichukua unga wa mofini, wakauchanganya na maji, wakatia rangi ili watu wasikosee: ya kijani ni nyepesi, nyekundu ni kali zaidi. Mgonjwa anakunywa nyumbani kwake. Mwaka 2004 Uganda ikabadili kanuni, wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu wakaruhusiwa kuiandika. Hilo lilikuwa jambo la kushangaza duniani, maana kijijini daktari haonekani lakini muuguzi yupo. Na kwa mgonjwa ni bure.

Kenya nao walisemwa. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima kuhusu watoto wagonjwa wa Kenya wanaokosa dawa za maumivu.

Hapa kwetu, kwa miaka mingi mlango mkuu wa mofini ya kunywa ulikuwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Unga ulioagizwa ulichanganywa pale, na hospitali za mikoani zilifuata huko. Kutoka Musoma mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,000. Fikiria chupa ya maji yenye rangi inasafiri umbali huo, na karatasi zake za vibali pembeni.

"MURA, VUMILIA"

Tusiitupie sheria lawama zote, jamani. Sisi wenyewe tumo.

Kuna kijana wa Butiama, fundi, alipata ajali ya bodaboda jirani na Makutano, mguu ukavunjika vibaya, akawekewa vyuma. Nilimkuta mwezi wa pili baada ya hapo, bado anatembelea magongo. Nikamuuliza alipewa nini usiku ule. Akaniambia alipewa mjomba! Mjomba alikaa kando ya kitanda, na kila kijana alipoanza kuguna mjomba alisema, "Mura, vumilia. Ulipotahiriwa ulilia?"

Ukiwa umekulia Mara unaelewa uzito wa swali hilo. Kwa makabila yetu mengi kijana akipelekwa jandoni hapaswi hata kupepesa, na aliyelia anaimbwa mpaka uzeeni. Basi kijana akauma shuka. Muuguzi alipopita na kuuliza "unaendeleaje?", akajibu "safi tu." Kwenye faili ikaandikwa hana malalamiko. Siku ya nne hajaamka kitandani, kifua kikaanza kujaa, kwa sababu mtu anayeogopa kuvuta pumzi ndefu hakohoi, na asiyekohoa makohozi yanabaki chini. Maumivu yasiyotulizwa hayakai tu kwenye kidonda. Yanamzuia mtu kutembea, na asiyetembea damu inaweza kumganda miguuni. Kwa mzazi, hata maziwa yanachelewa.

Na sisi wanawake je? Mama mkwe wangu, mwanamke ninayempenda na kumheshimu, alinijia wodini na uji wa ulezi kwenye chupa. Akanitazama ninavyokunja uso, akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, sisi tulizaa shambani." Nikasema, "Ndiyo mama." Ningesema nini? Lakini yeye hakuchanwa tumbo. Hakuna mtu aliyezaa shambani kwa opresheni.

Wengi wanaogopa kitu kingine: kwamba ukichomwa mofini unakuwa teja. Kwa mtu ambaye hajawahi kutumia dawa hizi, anayepewa kipimo sahihi siku mbili tatu baada ya upasuaji na kupunguziwa kadiri maumivu yanavyopungua, hatari hiyo ni ndogo. Haiko sifuri, na aliyewahi kuwa na tatizo la ulevi au unga amweleze daktari bila aibu ili apangiwe kwa uangalifu. Lakini ndogo.

CHUPA YA BUNDA

Mwalimu mmoja wa Bunda aliondolewa titi Mwanza kwa sababu ya saratani. Baadaye maumivu yalipozidi aliandikiwa mofini ya maji. Yeye na mumewe, mwalimu pia, walipanda basi kurudi, Magu, Lamadi, Bunda, na ile chupa kwenye mkoba chini ya khanga. Mume aliniambia safari nzima alikuwa anasali wasisimamishwe na askari. Cheti anacho, muhuri upo, kila kitu halali. Lakini alijiona kama kabeba magendo.

Nyumbani wakaificha kwenye sanduku la nguo, wasiione watoto wala majirani. Kwa watoto walifanya vizuri, dawa hii ifungiwe kabisa. Kwa majirani, mama yule alisema kwa wiki nyingi aliishi kwa kuiba usingizi wake mwenyewe, anasubiri wageni waondoke ndipo anywe. Dozi inatakiwa kila baada ya saa nne. Wageni wa Bunda unawajua, hawaondoki! Mwisho mume akachoka. Siku moja mbele ya shemeji zake watatu akatoa chupa, akapima, akampa mkewe, akasema, "Hii ni dawa ya mke wangu ya maumivu. Nani ana swali?" Hakukuwa na swali. Mmoja akauliza tu kama inafungisha choo. (Inafungisha. Ndiyo maana huandikwa pamoja na dawa ya kulainisha, na papai likiwepo ni msaada.)

Yule baba alikuwa anakwenda Mwanza kila chupa inapokaribia kuisha, anaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, anarudi usiku. Safari moja alifika akaambiwa imeisha, arudi Jumatatu. Alilala stendi. Nilipomuuliza kwa nini hakurudi nyumbani, alinijibu, "Ningerudi na nini?"

MKAE MEZANI KABLA YA SIKU

Nilichojifunza ni kwamba mambo haya yanaulizwa kabla ya upasuaji, si saa nane usiku. Wewe na mwenzi wako ombeni kuongea na daktari, na hasa mtaalamu wa usingizi, maana huyo ndiye fundi wa maumivu ingawa watu hawamfahamu. Muulizeni: ganzi ikiisha nitapewa nini, kila baada ya saa ngapi, na ikiisha stoo kuna nini kingine? Usiku nani ana ufunguo? Kuna ambao wanaweza kuweka kiasi kidogo cha mofini kwenye ileile sindano ya mgongo, ikakubeba karibu siku nzima, au kuchoma ganzi kuzunguka mshono kabla hujatoka chumba cha upasuaji. Havipo kila mahali. Usipouliza hutajua kama pale vipo.

Halafu zile dawa ndogo tunazozidharau. Parasetamoli ikienda kwa saa zake, pamoja na diklofenaki au ibuprofeni kwa asiye na vidonda vya tumbo wala shida ya figo, inapunguza sana kiasi cha mofini unachohitaji. Shida tunazingoja maumivu yapande ndipo tuzinywe. Mume wangu alikuwa na Panadol mkononi usiku ule na mimi nilimtupia jicho kama kaniletea pipi. Usizidishe tu: gramu nne za parasetamoli kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, ndiyo mwisho kwa mtu mzima.

Kama unanyonyesha, sema. Kodeini na tramadoli zinaweza kupita kwenye maziwa zikamlegeza mtoto, na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwa mama wanaonyonyesha kuhusu dawa zote mbili. Na wewe uliyekaa kando ya kitanda: ukiona mgonjwa aliyechomwa anasinzia mno, haamki ukimwita, pumzi zinapungua, kimbia kamwite muuguzi hapo hapo. Kazi yako nyingine ni kusema namba. Kutoka sifuri mpaka kumi, anaumwa ngapi? Muuguzi akisikia "anaumwa" anapita. Akisikia "ni nane, na saa mbili zilizopita ilikuwa tano", mara nyingi anasimama.

Mimba ya pili ilipofika miezi minane tulikwenda wote wawili, hospitali nyingine, na maswali yetu tumeyaandika nyuma ya kadi ya kliniki. Daktari alikuwa kijana. Aliyasoma yote, akacheka kidogo, akasema hajawahi kuona baba anauliza ufunguo wa kabati uko kwa nani. Akamwita mtaalamu wa usingizi tukaongea naye dakika kumi, wima, korido.

Nilipasuliwa Alhamisi saa nne asubuhi. Jioni mtoto alilia, nikanyoosha mkono, ukafika. Mume wangu alikuwa amekaa palepale na daftari dogo la shule, anaandika saa na namba kama mwalimu wa zamu. Ilikuwa tatu. Akaniuliza, "Unahitaji nini?" Nikamwambia chai.

Alipotoka kuifuata nilichukua lile daftari nikalifungua. Ukurasa wa kwanza ameandika tarehe, na chini yake: "Safari hii ipo."